Kabla Hujakagua Namba za Simu kwa Mkono

Niliwahi kuwaandikia wafugaji wa maziwa huku Njoro programu ya kutuma ujumbe wa malipo. Namba za simu nilizikagua kwa mistari sita yangu mwenyewe: ianze na 07, iwe na tarakimu kumi, basi. Nikajiona fundi. Mwisho wa mwezi mama mmoja akaja na daftari lake la lita, anauliza mbona majirani wamepata ujumbe yeye hajapata. Laini yake ilianza na 011. Programu yangu ilikuwa imemruka kimyakimya, na si yeye peke yake.

Siku hizi, kabla sijaandika chochote, natafuta kwanza ndani ya lugha yenyewe ya programu. Python inakuja na csv (ya kusoma majedwali yenye safu zilizotenganishwa kwa koma), datetime (ya tarehe) na decimal (ya hesabu kamili za desimali). Ukikata mistari kwa split(","), siku atakapoandikwa mtu wa "Shamba la Juu, Mauche" safu zote zitasogea. Na pesa usizihesabu kwa float, namba za desimali za kawaida za kompyuta: 0.1 + 0.2 inakupa 0.30000000000000004. Tumia decimal.

Ukikosa humo, nenda PyPI, ghala la mtandaoni la maktaba za Python, yaani msimbo ambao wengine wameshauandika. Kwa simu kuna phonenumbers, ambayo ni libphonenumber, maktaba ya Google ya kukagua namba za simu, iliyohamishiwa Python:

n = phonenumbers.parse(namba, "KE")
phonenumbers.is_valid_number(n)

Inazijua 07 na 01, inaelewa +254, hata namba ambayo Excel imeila sifuri ya mbele. Haikuambii kama laini iko hewani, lakini hiyo si kazi yake.

Usiipakue kwa pupa. Soma jina herufi kwa herufi, angalia toleo la mwisho lilitoka lini, leseni inaruhusu nini, na inaburuta maktaba ngapi nyingine nyuma yake. Halafu ilishe data yako chafu kabisa. Mimi nina faili takataka.csv, yenye nafasi, vistari na herufi O mahali pa sifuri. Ikipita, andika toleo lake kamili kwenye requirements.txt, faili inayoorodhesha maktaba ambazo programu inahitaji, na uiite kutoka faili moja tu, ili ukija kuibadilisha usipekue programu nzima.

Lakini usiazime hata chumvi. Machi 2016 mtu aliondoa maktaba ya left-pad kwenye npm, ghala kama PyPI ila la lugha ya JavaScript, mistari 11 tu ya kujaza nafasi upande wa kushoto, na miradi chungu nzima ikagoma kujengwa. Kuzidisha lita kwa bei naandika mwenyewe.