Kung'arisha yaspi kwa mkono: someni hapa kabla ya kuja inboksi

Wakuu, swali ni lilelile kila wiki: jiwe la yaspi linang'arishwaje kwa mkono? Naandika mara moja tu.

1. Hakikisha ni yaspi. Ugumu wake ni 6.5 hadi 7 kwa kipimo cha Mohs (kipimo cha ugumu wa madini, 1 hadi 10): inakwaruza kioo, kisu hakiikwaruzi. Mulika tochi ya simu nyuma ya ukingo mwembamba. Mwanga ukipenya, hiyo huenda ni akiki, ndugu yake. Yaspi ni silika (madini yaleyale ya mchanga mweupe) iliyoganda ikameza matope au majivu ya volkano, ndiyo maana haipitishi mwanga. Wekundu ni chuma.

2. Osha kwa brashi.

3. Msasa wa maji: 220, 400, 600, 1000, 2000 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi). Daima jiwe liwe limelowa, vumbi la silika linaua mapafu.

4. Kila ukibadili namba, osha kila kitu. Hapa niliumia. Jiwe langu la kwanza nilifika 1000 na beseni lilelile la tangu 220. Ikatokea mikwaruzo mitatu. Nikasugua hadi usiku, wapi! Nikarudi 220. Mwaga maji, piga mswaki nyufa za jiwe, safisha hata kucha zako, chembe za msasa hujificha humo. Kisha KAUSHA ndipo ukague, ukiliinamisha kwenye mwanga. Jiwe lililolowa huficha mikwaruzo.

5. Malizia kwa unga wa seriamu oksaidi (unga laini sana wa kung'arishia) juu ya ngozi yenye unyevu.

Kokoto77: Mkuu, nikitoka 220 niende 1000 moja kwa moja? Nina haraka.

Mimi: Hapana.

Kokoto77: Na maji lazima? Yanachafua meza.

Mimi: Meza inafutika. Soma hatua ya 3.

MamaNeema: Samahani kaka, Ufunuo 21 unasema yaspi "safi kama bilauri". Mbona yako haipitishi mwanga?

Mimi: Umeuliza la maana, dada. Zamani jina hilo, iaspis kwa Kigiriki, lilibeba mawe kadhaa, hata yanayopitisha mwanga. Baadaye likabaki kwa haya yasiyopitisha mwanga. Na majina bado yanadanganya: "yaspi ya kambaba" ya Madagaska, ile ya kijani yenye macho meusi, kumbe ni rayolaiti, jiwe la volkano. Ukiipata nionyeshe, tutaing'arisha pamoja.

FundiViatu: Ngozi ya mkanda wa zamani inafaa?

Mimi: Sana, upande wa ndani. Igundishe kwenye ubao isicheze.

FundiViatu: Basi vipande ninavyo tele kibandani, anayetaka aseme.

Kokoto77: Mimi kimoja.