SOMO: Lambo la udongo, anza na utoro (njia ya kutolea maji ya ziada) ndipo uje kwenye tuta

Wakuu, wengi Kwimba, Misungwi na Magu huuliza tuta liwe na kimo gani. Ulizeni kwanza: mvua kubwa ikishuka, maji ya ziada yatapita wapi? Tuta la udongo likipitiwa juu na maji halimalizi usiku.

Vipimo hivi ni vya kina kisichozidi mita 4. Zaidi ya hapo, mhandisi. Kibali kinaombwa Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria kabla ya kuchimba.

1. Eneo: bonde linapobana, huku juu yake likipanuka. Kukisia ujazo: kina kwenye tuta × upana wa maji × umbali yanakorudi nyuma, gawa kwa 6. Mfano 4 × 60 × 150 ÷ 6 = mita za ujazo 6,000.

2. Udongo: lowanisha, viringisha unene wa penseli. Ukipinda bila kukatika, unafaa. Ule mweusi wa mbuga hushika maji lakini ukikauka hupasuka. Uwe moyo wa tuta, nje ufunike kwa moramu (udongo wa changarawe).

3. Msingi: kwangua sentimita 20–30 za juu pamoja na mizizi yote. Chimba mtaro wa mita 2 kwa upana, urefu wote wa tuta, mpaka ufikie tabaka lisilopitisha maji, kisha ujaze mfinyanzi ulioshindiliwa. Ukiacha mchanga chini, utakuwa na tuta zuri na lambo kavu.

4. Tuta: shindilia kila tabaka la sentimita 15. Bonge likiminywa lishikane bila kuchuruzika. Upana wa kilele mita 3; mteremko 3 kwa 1 (mita 3 za ulalo kwa kila mita 1 ya kimo) upande wa maji, 2.5 kwa 1 upande mkavu. Ongeza asilimia 10 ya kimo, maana litashuka. Panda ukoka. Miti hapana: mizizi ikioza huacha matundu.

5. Utoro: uchimbwe pembeni kwenye ardhi ya asili, kamwe si juu ya udongo wa kujaza. Sakafu yake iwe mita 1 chini ya kilele. Upana hutegemea eneo linalokusanya mvua, hapo usikisie. Halafu kuna wanaoziba utoro kwa viroba vya mchanga "tupate maji zaidi". Hao ndio huamka wakakuta tuta limekwenda.

Swali: Hizo 6,000 zitatosha ng'ombe 200 na nyanya nusu eka, Juni hadi Septemba?
Ng'ombe mmoja lita 30, jumla mita za ujazo 6 kwa siku. Nyanya kama 10. Siku 120 ni 1,920. Jua nalo hushusha maji karibu milimita 5 kila siku, na kwa uso mpana hivyo laweza kunywa kuliko ng'ombe na nyanya pamoja. Zinatosha, ila usiongeze eka. Ndiyo maana kina ni bora kuliko upana.

Swali: Mkuu, upande mkavu panavuja.
Maji maangavu yasiyoongezeka, yaangalie kila siku. Yakiwa na tope, yanabeba tuta lenu: punguzeni maji, ondoeni watu walio chini, mwiteni mhandisi. Tundu msilizibe kwa udongo. Wekeni mchanga mkubwa, juu yake kokoto, maji yatoke udongo ubaki.

Swali: Watoto wakiogelea?
Kichocho. Konokono wake hupenda maji yaliyotuama yenye majani. Zungusheni uzio, ng'ombe wanywe kwenye birika chini ya tuta, na maji ya nyumbani yachotwe kisimani, yachemshwe.