Kufunga kihisi mwendo kisicho na waya katika Home Assistant

Kihisi mwendo, au sensa kama mafundi wengi wanavyokiita, hakioni mtu. Kazi yake ni kutambua mabadiliko ya joto pale mwili unapokatiza mbele yake, na ukilielewa jambo hilo kabla ya kushika bisibisi, umeshamaliza nusu ya kazi.

Hapa tunazungumzia kihisi kinachotumia betri na Zigbee, yaani mtandao wa redio wa vifaa vidogo vya nyumbani, pamoja na Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumba, iliyowekwa kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Utahitaji pia kipokezi cha Zigbee cha USB. Usikichomeke kwenye tundu la buluu la USB 3.0, kwa kuwa hutoa kelele za redio katika masafa yaleyale ya GHz 2.4 yanayotumiwa na Zigbee. Chomeka kwenye tundu jeusi kwa kutumia kebo ya kurefusha, ili kipokezi kikae mbali na kompyuta na mbali na ruta ya Wi-Fi. Hatua hii wengi huiruka, kisha wakalaumu kihisi kinapopotea hewani.

Kuunganisha kwenyewe ni kwepesi. Kwenye mipangilio ya Home Assistant weka ZHA, sehemu yake inayowasiliana na vifaa vya Zigbee, chagua kipokezi chako, kisha ruhusu kifaa kipya kijiunge. Vuta kipande cha plastiki kinachozuia betri na ushikilie kitufe cha kihisi kwa sekunde chache hadi taa yake imemetemete. Vipo vinavyotaka kubonyezwa mara nne harakaharaka, hivyo karatasi ya maelezo usiitupe. Fanya hivyo ukiwa palepale kitakapofungwa. Ikiwa ukuta ni mnene, kama ule wa mawe ya matumbawe wa nyumba za kale za Mombasa na Unguja, weka katikati soketi janja ya Zigbee ipokezane mawimbi, na asiizime mtu.

Mahali pa kukifunga pataka subira. Kimo cha mita mbili hivi, kwenye kona, kinafaa, mradi watu wapite wakikikatiza badala ya kukijia moja kwa moja, kwa sababu mwendo wa kukijia hukitambua kwa shida. Kisielekee dirisha lenye jua wala kiyoyozi. Wakazi wa pwani wana tahadhari ya ziada: chumba kinapopata joto linalokaribia lile la ngozi, tofauti inayotafutwa na kihisi hupungua, kwa hiyo kijaribu saa nane mchana wa Februari, si alfajiri.

Mwisho, andika kanuni: mwendo ukionekana baada ya jua kuzama, taa iwake, mfumo usubiri kihisi kiseme hakuna mwendo, usubiri tena dakika 2, ndipo uzime. Chagua kanuni ianze upya kila mwendo mpya unapoonekana, maana ukiiacha ilivyo, mwendo unaotokea wakati wa zile dakika 2 hupuuzwa na taa huzimika mtu akiwa bado ndani. Bafuni ongeza muda hadi dakika 15, kwani kihisi hakipenyi kioo wala pazia la plastiki, na anayeoga nyuma yake ataachwa gizani na povu machoni.