Kupima kazi ya moyo wa mbwa akiwa kwenye nusukaputi

Ukimuuliza msaidizi wa chumba cha upasuaji, "Moyo wa huyu mbwa unaendeleaje?", mara nyingi atakusomea namba iliyo kwenye skrini: mapigo 92. Hiyo ni kasi tu. Kazi ya moyo hasa ni kiasi cha damu kinachotoka kwenye ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, kila dakika na kuufikia ubongo, figo, utumbo na misuli ya moyo wenyewe. Mbwa aliye macho akipungukiwa na damu hiyo utamwona: atalegea, atahema, atashindwa kusimama. Aliye kwenye nusukaputi, sisi tuliomlaza ndio tuliomnyang'anya dalili hizo, kwa hiyo ni juu yetu kuzitafuta kwa njia nyingine. Mimi ni daktari wa wanyama na kazi yangu ya kila siku ni usingizi. Nitaeleza ninavyofanya, kwa mpangilio ninaoufuata mezani.

Kwanza shika hesabu mbili kichwani. Pato la moyo kwa dakika ni mapigo mara kiasi cha damu kinachotoka kwa kila pigo. Shinikizo la damu nalo, kwa makadirio, ni pato hilo mara ukinzani wa mishipa. Maana yake ni kwamba shinikizo linaweza kuwa zuri huku damu inayotembea ni kidogo. Ukibana mdomo wa mpira wa maji, maji yanaruka kwa nguvu, lakini ndoo inachelewa kujaa. Deksmedetomidini, dawa ya kutuliza mnyama, hufanya hivyo hivyo: inabana mishipa, shinikizo linapanda, moyo unapunguza kasi, na pato linashuka sana. Ukimwona mbwa mwenye wastani wa shinikizo wa milimita 105 za zebaki na mapigo 45 muda mfupi baada ya sindano hiyo, usijipongeze kwa ile 105. Wala usikimbilie atropini, dawa ya kuongeza kasi ya moyo, kwa sababu utaulazimisha moyo uende mbio dhidi ya mishipa iliyobanwa, na shinikizo litapanda kupita kiasi. Mazoea ya kusoma namba moja na kuridhika ndiyo ninayotaka uyaache.

Anza na vidole

Kabla ya kuwasha kifaa chochote, weka vidole kwenye ateri ya paja, upande wa ndani. Mdomo ukiwa karibu nawe kuliko paja, tumia ateri iliyo chini ya ulimi. Hata shuka za upasuaji zikishafunika mwili wote, ulimi unabaki kwako. Sikiliza moyo kwa stetoskopu huku kidole kikiwa kwenye ateri. Kila pigo unalolisikia linapaswa kufika kidoleni. Pigo likisikika na lisifike, moyo umejikunja bila kujaa. Bonyeza fizi na uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Jua pia mpaka wa vidole. Vinakueleza tofauti kati ya shinikizo la juu na la chini, havikuelezi shinikizo lenyewe. Mbwa mwenye 120 kwa 80 na mwenye 80 kwa 40 wanaweza kukupa mguso unaofanana.

ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ifungwe mapema, hata kabla ya kumlaza ikiwa mbwa anakubali. Lakini inapima umeme tu. Moyo unaweza kuendelea kuchora mawimbi mazuri kwenye skrini huku hausukumi chochote, na ndiyo sababu sikubali ECG isimame peke yake. Vibanio vishike ngozi iliyolowa jeli. Augustus Waller, aliyerekodi umeme wa moyo wa binadamu mwaka 1887, alikuwa akimwonyesha mbwa wake Jimmie akiwa ametumbukiza miguu kwenye maji ya chumvi, maana ngozi kavu haipitishi umeme vizuri. Spiriti pia inafaa, ila usiitumie kama daktari wa upasuaji atachoma mishipa kwa umeme. Itashika moto.

Shinikizo kwa mkanda

Makosa mengi ya mkanda wa kupimia shinikizo, ule unaojazwa hewa, huanzia kwenye upana wake. Pima mzingo wa mguu pale utakapoufunga, kisha chagua mkanda wenye upana wa takriban asilimia 40 ya mzingo huo. Mguu wa mbele wenye mzingo wa sentimita 12 unataka mkanda wa sentimita 5 hivi. Mkanda mwembamba kupita kiasi utakupa shinikizo la juu kuliko la kweli. Mpana kupita kiasi utakupa la chini. Mguu uwe usawa wa moyo.

Kwa mbwa mdogo naiamini Dopla, kifaa kinachogeuza mwendo wa damu kuwa sauti, kuliko mashine inayojipima yenyewe. Nyoa manyoya chini ya mguu wa mbele, juu kidogo tu ya ule mto mkubwa wa unyayo, weka jeli ya kutosha na lalisha probu (kichwa chake cha kupimia) taratibu mpaka usikie mlio wa damu. Usiibonyeze, utaziba ateri. Ukiifunga kwa plasta, ifunge ukiwa bado unasikia mlio. Jaza mkanda mpaka sauti ipotee, ongeza milimita 20 hadi 30 za zebaki, kisha achia polepole. Sauti ya kwanza kurudi ndiyo shinikizo la juu. Kipimo cha kwanza kitupe, chukua vinavyofuata na utafute wastani wake. Faida nyingine ya Dopla ni kwamba ukiiacha ikilia, utasikia damu ikipungua kabla hujaiona popote. Mlio ukififia, geuka.

Mashine inayojipima inafaa kwa mbwa wa kati na wakubwa wenye mapigo ya mpangilio. Mapigo yakiruka, mbwa akitetemeka au mishipa ikibana, inakisia. Angalia mapigo inayoyaonyesha: yasipolingana na ya ECG au ya kidole chako, shinikizo lililoandikwa pembeni yake halina thamani.

Lengo langu ni wastani wa 70 au zaidi. Chini ya 60 natibu, au shinikizo la juu likishuka chini ya 90. Kama mashine haikupi wastani, chukua la chini na uongeze theluthi ya tofauti yake na la juu.

Ndani ya ateri

Kwa mbwa mgonjwa wa moyo, aliyepoteza damu au anayefanyiwa upasuaji mrefu, mkanda hautoshi. Ateri ninayoipenda ni ile ya juu ya unyayo wa nyuma, kati ya mfupa wa pili na wa tatu. Nyoa, safisha kama kwa upasuaji, igusishe kidole kidogo sana kwa sababu ukikandamiza inapotea. Kanula (mrija mwembamba unaobaki ndani ya mshipa) ya geji 22 inawatosha mbwa wengi. Ingia kwa pembe ndogo, damu ikionekana ishushe kanula ilale, kisha isukume mbele bila kulazimisha. Andika ATERI kwa herufi kubwa kwenye mrija, mtu asije akapitisha dawa humo.

Sasa transdusa, kifaa kinachogeuza shinikizo la kwenye mrija kuwa namba ya skrini. Ifungue hewani na uiweke kwenye sifuri ikiwa usawa wa moyo: mbwa akilala ubavu, usawa wa mfupa wa kifua, akilala chali, usawa wa ncha ya bega. Kila sentimita 10 za tofauti ya kimo ni kosa la takriban milimita 7 za zebaki. Tazama inavyotokea kazini. Transdusa imefungwa kwenye nguzo ya dripu. Katikati ya kazi daktari wa upasuaji anaomba meza ipande sentimita 15 ili asiiname. Mbwa amepanda, transdusa imebaki chini. Wastani wa kweli ni 58, skrini inasoma 69, na kila mtu ametulia. Kila meza ikigusika, rudi kwenye transdusa.

Suuza mrija kwa ghafla kisha uachie na utazame wimbi: linapaswa kuporomoka, litikisike mara moja au mbili, litulie. Likirudi kivivu bila kutikisika, kuna kiputo cha hewa au damu imeganda, na shinikizo la juu unaloliona ni la uongo. Wastani ndio utakuwa karibu na ukweli, ushikilie huo wakati unatafuta kiputo.

Hewa anayotoa

Kapnografi, kifaa kinachopima kaboni dioksidi kwenye hewa anayotoa mbwa, wengi huitumia kwa mapafu tu, nami nasisitiza iwe pia kifaa cha moyo. Kaboni dioksidi hufika kwenye mapafu ikibebwa na damu. Kama mashine ya kupumulisha haijabadilishwa na namba imetoka 40 hadi 22 ndani ya pumzi chache, damu inayofika kwenye mapafu imepungua. Shika mapigo kwanza, vifaa baadaye.

Ultrasaundi, pale unapotaka kuona pampu yenyewe

Kipimo cha haraka ni kusinyaa kwa ventrikali ya kushoto. Kutoka upande wa kulia wa kifua, kata moyo kwa mkingamo kwenye usawa wa misuli ya papilari, ile midogo iliyo ndani ya ventrikali, pima upana ukiwa umejaa, pima ukiwa umejikunja, toa, gawa kwa ule wa kujaa, zidisha kwa 100. Mbwa wengi wazima walio macho wako kati ya 25 na 45. Tahadhari: gesi za usingizi, isoflureni na sevoflureni, hupunguza nguvu ya misuli ya moyo na kulegeza mishipa kadiri unavyoongeza gesi. Asilimia 24 chini ya isoflureni haitoshi kumpa mbwa jina la ugonjwa. Linganisha mbwa na yeye mwenyewe, kwenye kiwango kile kile cha gesi.

Kwa pato la moyo unahitaji vitu vitatu: kipenyo cha njia ya kutokea kwenye aota (ateri kuu ya mwili), umbali unaosafiriwa na damu kwa pigo moja kama unavyochorwa na Dopla ya ultrasaundi, na mapigo. Dopla ielekee sambamba na damu. Kwa mbwa pembe nzuri mara nyingi hupatikana chini ya mbavu, nyuma ya ncha ya mfupa wa kifua. Chukua mbwa wa kilo 20. Kipenyo ni sentimita 1.8, kwa hiyo eneo ni sentimita 2.54 za mraba. Umbali ni sentimita 11, hivyo kila pigo linatoa mililita 28. Kwa mapigo 90 ni lita 2.5 kwa dakika, yaani kama mililita 126 kwa kila kilo.

Sasa andika kipenyo 2.0 badala ya 1.8. Pigo linageuka mililita 34.5. Milimita 2 zimekuongezea karibu robo ya pato lisilokuwepo, kwa sababu kipenyo kinajizidisha chenyewe. Kwa hiyo kipenyo nakipima mara moja, kwa makini, mwanzoni, na sikigusi tena. Baada ya hapo nafuatilia umbali na mapigo tu. Umbali ukitoka 11 hadi 7, pato limeanguka, hata kama shinikizo bado linapendeza.

Katheta yenye puto, ile ya Swan na Ganz ya mwaka 1970, inayopitishwa kwenye vena ya shingo hadi ateri ya mapafu, hutumika zaidi kwenye utafiti na upasuaji mkubwa. Unaingiza maji baridi, kifaa kinasoma joto linavyobadilika na kutokana na hilo kinahesabu pato la moyo. Sindano iende haraka na kwa mkono mmoja ulio sawa, mwisho wa kutoa pumzi, na urudie mpaka upate vipimo vitatu vinavyokaribiana ndani ya asilimia 10. Inaweza kuvuruga mapigo ikipita kwenye ventrikali, kwa hiyo asiyezoeshwa asiijaribu peke yake.

Kuandika na kumalizia

Kila dakika 5 andika mapigo, shinikizo, kaboni dioksidi, joto, kiwango cha gesi, na kama anapumua mwenyewe au anapumulishwa. Hewa inayosukumwa na mashine hupunguza damu inayorudi kwenye moyo, kwa hiyo kipimo kisichotaja hilo hakilinganishwi na kingine. Shinikizo likishuka, punguza gesi kwanza kama kina cha usingizi kinaruhusu, kisha pima tena kabla hujafungua dawa.

Usizime vifaa gesi inapofungwa. Acha angalau mapigo na shinikizo viendelee mpaka mrija wa koo utoke. Kanula ya ateri ikitoka, kandamiza kwa dakika 5 kamili bila kuchungulia, funga bandeji nyepesi, na baadaye gusa vidole vya mguu huo uone kama vina joto kama vya mguu wa pili.