Chuma hakihitaji kuyeyuka: namna ya kulionyesha kwa nondo na mkaa

Hoja yenyewe huzunguka kila Septemba ikikaribia: chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi, moto wa mafuta ya ndege haufiki huko, basi minara pacha ya New York, iliyogongwa na ndege Septemba 2001, iliangushwa kwa mabomu. Mambo mawili ya kwanza ni kweli, usiyabishie. Kosa liko kwenye hilo "basi", na karakana yoyote ya Tabora mjini yenye mkaa inatosha kulionyesha.

Tafuta nondo ya milimita 12 yenye urefu wa sentimita 120, vaisi iliyofungwa imara, nusu debe ya mkaa mgumu wa miombo, mivukuto au feni ya mhunzi, matofali ya kuchoma, waya na dumu la lita 5. Jaza dumu mchanga mkavu kupita nusu kidogo, lifike kilo 5. Maji hayafai, yakimwagikia makaa, mvuke wake unaunguza. Bomba la mabati nalo liache, moshi wa zinki ni sumu. Mawe ya mtoni hupasuka motoni.

Bana nondo kwenye vaisi, sentimita 70 zibaki nje, kisha ning'iniza dumu kwenye ncha. Ncha itashuka sentimita tatu hivi, na ukiliondoa dumu itarudi ilipokuwa. Lirudishe dumu. Sasa jenga jiko dogo la matofali kuzunguka nondo, katikati yake ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye vaisi, funika nondo kwa mkaa juu na chini, washa, puliza. Fanyia kivulini, maana wekundu wa mwanzo hauonekani juani. Watu wakae mbali na upande wa dumu.

Nondo ikishakuwa nyekundu, italegea na dumu litaenda chini, bila tone la chuma kudondoka. Kwenye nyuzi 600 chuma cha ujenzi kimebaki na takribani nusu ya nguvu zake; kwenye 700 ni kama robo; kwenye 800 ni kama sehemu moja ya kumi. Moto wa ofisi unaweza kufika 1,000. Mafuta ya ndege yaliungua kwa dakika chache tu. Samani na karatasi ndizo zilizoendelea, na kishindo cha ndege kilikuwa kimeshabandua kinga ya moto kwenye vyuma.

Isipopinda, mara nyingi mkaa ni mchache au upepo hautoshi. Usiongeze mzigo ili kuharakisha: utakuwa umeipinda kwa uzito, na mbishi atakushika hapo hapo. Nondo ikirudi kuwa nyeusi bado inaunguza vibaya.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulisahau, nalo ni kutanuka. Boriti ya mita 12 ikipanda nyuzi 500 huongezeka zaidi ya sentimita 7. Reli za zamani za kwenda Kigoma ziliachiwa nafasi kwenye viungo kwa sababu hiyo hiyo, tena kwa joto la jua tu. Jengo namba 7, la ghorofa 47, lililokuwa jirani na minara hiyo na kuporomoka siku hiyo hiyo, halikugongwa na ndege. Liliungua kwa karibu saa saba, boriti za sakafu zikatanuka na kusukuma boriti kuu ikatoka kwenye kikalio chake karibu na nguzo ya 79. Sakafu zikaporomoka, nguzo ikabaki bila kushikwa, ikapinda.

Atakayesema hakuna jengo jingine la chuma lililoangushwa na moto, mtajie Plasco la Tehran, ghorofa 17, Januari 2017. Madrid 2005, kwenye mnara wa Windsor, nguzo za chuma za pembeni juu ziliporomoka huku kiini cha zege kikibaki kimesimama.

Mbishi aliyesoma atakuja na sekunde 2.25 ambazo jengo namba 7 lilishuka kama jiwe lililoachiwa. Mkubalie, hata wachunguzi wa serikali ya Marekani walizipima. Lakini kufikia hapo ndani kulikuwa kumeshaporomoka, na nguzo za nje za chini zilikuwa zimepinda kwa pamoja, kwa hiyo kwa takribani ghorofa nane hapakuwa na kitu cha kulizuia.