Namna ya Kutengeneza Filamu ya Katuni kwa Uwezo Mdogo: Njia ya Gints Zilbalodis

Anayetaka kutengeneza filamu ndefu ya katuni bila studio kubwa nyuma yake ana mwalimu mzuri katika Gints Zilbalodis wa Latvia, aliyezaliwa mwaka 1994 na kushinda Oscar kabla hajatimiza miaka 31. Kipaji chake hakiigiki, lakini jinsi anavyopanga kazi inaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Anza na filamu fupi, na uzimalize. Zilbalodis alitengeneza Aqua mwaka 2012, kisa cha paka anayeogopa maji, kisha akaendelea na nyingine fupi kama Priorities na Oasis. Usilitupe wazo ulilolitumia ukiwa bado mwanagenzi, kwani paka yule yule na hofu ile ile ya maji vilirejea miaka kumi na miwili baadaye katika Flow, filamu iliyompa sifa duniani.

Ukishakuwa tayari kwa filamu ndefu, pima kwanza unachoweza kukifanya, ndipo utunge hadithi. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu hutunga kisa chenye miji, umati wa watu na mazungumzo mengi, halafu hugundua kwamba hawana mikono ya kutosha kukichora. Katika Away, iliyotoka mwaka 2019, Zilbalodis alikuwa peke yake katika kila kitu, kuanzia picha hadi muziki, kwa muda wa miaka mitatu na nusu. Tazama basi alivyochagua: kijana mmoja kisiwani, pikipiki, ndege mdogo, na jitu jeusi linalomfuata polepole bila kuchoka. Hakuna anayesema neno hata moja, kwa hiyo hakuhitaji waigizaji wa sauti wala kuhangaika na midomo inayosogea, na upweke wa mhusika ukaonekana kuwa ndiyo hadithi yenyewe. Upungufu wa nyenzo ulijificha ndani ya kisa, na kwa maoni yangu hilo ni la kujifunza kuliko programu yoyote ya kompyuta.

Igawanye kazi katika sura. Away ina sura nne, ambazo kila moja ingeweza kusimama kama filamu fupi endapo kazi ingekwama njiani.

Fedha na wenzako wakipatikana, badili utaratibu, na ikiwezekana badili hata kisa. Flow ilitengenezwa kwa ushirikiano wa Latvia, Ufaransa na Ubelgiji, kwa bajeti ya takriban euro milioni 3.5, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na matumizi ya studio kubwa za Marekani. Zilbalodis, ambaye aliandika hadithi hiyo pamoja na mtayarishaji Matīss Kaža, alikuwa anajifunza kufanya kazi na kundi, na paka wake naye anajifunza kuishi na wanyama wengine ndani ya mashua moja wakati wa mafuriko. Programu waliyoitumia ni Blender, ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bila malipo.

Huna lazima ya kuchora kila onyesho kwenye karatasi kabla ya kuanza. Yeye hujenga mandhari ya awali ndani ya kompyuta, huwaweka wahusika humo, kisha huzungusha kamera akitafuta mahali pa kusimama, kama mpiga picha anayekagua eneo. Ndiyo maana kamera yake huwafuata wanyama kwa muda mrefu bila kukatwa. Njia hii inataka subira, lakini humwepusha mtu na gharama ya kukamilisha maonyesho ambayo baadaye yangetupwa.

Mwisho, ipeleke filamu kwenye matamasha kabla ya kutafuta kumbi za sinema, kwa kuwa huko ndiko wasambazaji huenda kutafuta kazi za watu wasiojulikana. Away ilipata tuzo ya Contrechamp, kitengo cha filamu ndefu zenye mtindo wa kipekee, katika tamasha la filamu za katuni la Annecy, Ufaransa, mwaka 2019. Flow ilianzia tamasha la filamu la Cannes mwezi Mei 2024, mwezi uliofuata ikazoa tuzo kadhaa Annecy, Januari 2025 ikatwaa Golden Globe, na tarehe 2 Machi 2025 ikaipatia Latvia Oscar yake ya kwanza.