Pikapu inamisi ukiondoa mguu kwenye mafuta? Anza na kilichobadilishwa

Juzi jamaa anayebeba viazi kutoka Molo aliniletea Hilux yake hapa Nakuru. Injini ni 22R ya lita 2.4, ila kabureta ya kiwandani ilishatolewa akafungiwa Weber 32/36. Barabarani inavuta bila shida. Akifika kwenye foleni na kuondoa mguu, inatetemeka na kukohoa mpaka kioo cha pembeni kinacheza. "Fundi, nimebadilisha plagi mara tatu," akaniambia. Plagi zilikuwa nzima kabisa.

Hatua ya 1: Ni silinda moja au zote?
Pasha injini moto, kisha zima. Toa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye plagi kuukuu iliyofungwa vizuri kwenye chuma cha injini, halafu washa na usikilize. Mngurumo usipobadilika, silinda hiyo ndiyo iliyolala. Rudia kwa zote nne. Usiuache waya ukining'inia hewani huku injini inawaka, maana moto (umeme wa plagi) usipopata pa kwenda unaweza kuua ignita, kifaa cha kielektroniki kinachoendesha koili. Ukichanganya waya, mpangilio wa moto ni 1-3-4-2.

Hatua ya 2: Moto
Ikiwa ni silinda moja, angalia plagi (pengo 0.8 mm), waya na kepi ya distributa. Usiku fungua boneti, nyunyiza maji kidogo kwenye waya. Ukiona cheche, badilisha seti nzima, na usinunue zile za bei ya kutupa.

Hatua ya 3: Hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma
Ikiwa kila silinda inajibu lakini injini bado inamisi, shuku hewa. Usipokanyaga mafuta, kabureta imefunga na injini inanyonya kwa nguvu, hivyo hata ufa mdogo unaharibu mchanganyiko. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya ufa haionekani tena. Ndiyo maana pikapu inapanda mlima vizuri halafu inakufa getini.

Funga geji ya vakyumu, ile inayopima injini inanyonya hewa kwa nguvu kiasi gani. Mimi naiamini kuliko mashine yoyote ya kupima. Lakini vitabu vinataja inchi 18 hadi 22 za zebaki, na hizo ni za usawa wa bahari. Nakuru iko mita 1,850 hivi, na kila mita 300 unapoteza kama inchi moja. Hapa kwetu 12 hadi 16 ni afya. Niliwahi kufungua silinda hedi nzima kwa sababu ya kusoma 15 na kuogopa. Tazama sindano: ikiyumbayumba polepole, ni mchanganyiko, ikidunda kwa mpigo uleule, ni valvu.

Sasa adapta. Weber haikai moja kwa moja kwenye 22R; inakaa juu ya adapta, yaani bamba la kuunganishia, lenye vipande viwili. Nilinyunyiza maji kuizunguka asubuhi injini ikiwa baridi: kimya. Nikakaza nati za juu: hakuna tofauti. Nikabadilisha paipu zote ndogo, nikabana paipu ya busta ya breki kwa koleo: bado. Siku ikaisha. Kesho yake niliiacha iungurume dakika arobaini, nikanyunyiza tena, na mngurumo ukabadilika papo hapo. Ufa ulikuwa unafunguka kwa joto tu.

Skurubu zilizolegea ni zile za kipande cha chini, na zimefichwa na kipande cha juu. Unaweza kukaza nati za kabureta mpaka kesho usiziguse, na ukizidisha nguvu utapinda kitako cha kabureta upate ufa wa pili. Kwa hiyo toa vyote. Weka rula ya chuma juu ya kila uso, mulika tochi nyuma yake. Mwanga ukipita, uso umepinda. Weka gasketi mpya na gundi ya kuzuia nati kulegea, kaza kwa msalaba kidogo kidogo. Fundi aliyetangulia alipaka silikoni. Petroli inaila! Usipake.

Hatua ya 4: Jeti
Jeti (vitundu vya kupimia petroli) za mwendo wa chini ziko ubavuni mwa Weber, hutoki jasho kuzitoa. Pulizia hewa, usichokoe kwa waya. Skurubu ya mchanganyiko iwe nje mizunguko miwili hivi. Ukilazimika kupita miwili na nusu, jeti ni ndogo au imeziba.

Hatua ya 5: Valvu
Pima pengo la valvu injini ikiwa moto: 0.20 mm za kuingiza, 0.30 mm za kutoa. Kisha pima kompresheni. Tofauti kati ya silinda isizidi 14 psi.

Kabureta irekebishe mahali gari linapoishi. Hii ya viazi niliimalizia Molo, kwenye baridi. Ingekuwa ya Kisumu, chini kule mita 1,130 hivi, ningemwambia mwenyewe anisubiri huko.